Saa Moja

Juni, Mbeya. Loleza amejifunika ukungu
kama mgonjwa asiyetaka wageni,
nami niko dukani kwa Tweve, mtaa wa Uhindini,
viatu nimevifuta kwa nyasi kabla ya kuvuka mlango,
fedha ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kitambaa,
kitambaa mahali ambapo mwizi mwenye adabu hafiki.

Miche mia mbili ya parachichi, miaka minne ya kupalilia.
Mwezi jana gari la wanunuzi lilipanda hadi Kyimo
likashuka na mzigo wangu wa kwanza.
Asumwisye, mdogo wangu, akasema: bati.
Mama akasema: ng'ombe, wa maziwa, mweusi.
Mchungaji hakusema kitu, alikohoa tu.
"Na simu yako ina saa, dada, tena ya bure."
Kweli. Mto nao una maji,
lakini watu hununua vikombe.

Tweve ananitandikia tatu juu ya kitambaa cha bluu.
Ya kwanza dhahabu: inaongea kabla hujaisalimu.
Hiyo ikae na mke wa diwani.
Ya pili ina visaa vitatu tumboni,
kimoja cha kupimia magari ya mashindano,
mimi ambaye haraka yangu kubwa ni kuanua nguo.
Ya tatu chuma, uso mweupe, haina mbwembwe.
"Hii haina betri," anasema. "Unaitia ufunguo kila asubuhi.
Ukiisahau, nayo inakusahau."
Ya Uswisi. Kumbe huko nako kuna milima na ng'ombe.
Nikaiweka sikioni:
ilikuwa inatafuna, taratibu,
kama mbuzi aliyeshiba.

Bei aliitaja akitazama dirishani.

Miaka ishirini na miwili nimeuza saa zangu
kwenye shamba la chai, kwa kilo, kikapu mgongoni,
king'ora cha kiwanda kikinivuta sikio.
Kununua, sijawahi kununua hata moja.
Nipe hiyo, nikasema.

Mkono wangu, kumbe, ni mwembamba kuliko wa Mswisi.
Tweve akang'oa pingili mbili za mkanda;
nimezifunga kwenye pindo la kanga, nazo nimezilipia.
"Haya, saa ngapi?" akanijaribu.
Mshale ulisema kumi, mdomo wangu ukasema nne.
Tukacheka. Ikifika kwetu,
hata saa ya Uswisi inalihesabu jua upya.

Nyumbani mama aliushika mkono wangu
kama anayepima homa.
Akasema "ndaga," polepole,
bila kumtaja ng'ombe.

Asubuhi, kibarazani, chai ya tangawizi.
King'ora kikalia ng'ambo ya bonde: saa moja, kazini.
Nikatazama mkono.
Bado dakika saba.
Nikawasha redio, nikangoja. Mlio wa saa moja
na mshale wangu vikafika pamoja
kama mawifi wanaotoka kisima kimoja.
Kesho yake, dakika saba.
Keshokutwa, saba.

Nikaigeuza risiti ya Tweve, nikaomba kalamu ya mtoto:
saba, mara siku mia tatu,
mara miaka ishirini na miwili,
gawanya kwa sitini.
Mia saba na sabini.
Nikahesabu tena, kwa vidole, kwa punje za mahindi.
Mimi nimenunua saa moja
na ukoo mzima ukashika kichwa.

"Labda jioni walikuwa wanawaachia mapema,"
anasema mama, mtu wa haki.

Labda.
Leo sijakwenda shambani.
Nimevuta kigoda, nimeshusha kola ya sweta masikioni yasikie,
mkono juu ya goti, uso mweupe ukitazama juu.
Ukungu unaanza kupanda kutoka mtoni.
Mama naye amekuja na kigoda chake.
Hatusemi. Mbuzi wa chuma anatafuna.